Mtunga Shanga Naye ni Mtunzi

Kiswahili kina kitenzi kimoja ambacho sisi walimu wa lugha hukitumia kutwa kucha bila ya kukizingatia. Kitenzi chenyewe ni kutunga. Mshairi hutunga shairi, mwanamuziki hutunga wimbo, Bunge hutunga sheria, na mwanamke aliyeketi chini ya mgunga, uzi mkononi na kibakuli mapajani, hutunga shanga. Lugha haikuwabagua watu hawa. Sisi ndio tuliowabagua. Mtunzi wa wimbo jina lake huandikwa kwenye karatasi na kutangazwa kwa kipaza sauti. Mtunga shanga tunamwita "yule mama wa shanga", tunamwomba apunguze bei, kisha tunamsahau.

Sisemi haya kwa kuwanyoshea wenzangu kidole. Nimeongoza kwaya ya shule ya bweni ya wasichana kwa miaka mingi, na karibu miaka hiyo yote mimi mwenyewe nilikuwa mstari wa mbele katika ubaguzi huo. Kwangu mimi mapambo yalikuwa jambo la wiki ya mwisho, pamoja na mafuta ya basi na mikate ya njiani.

Msomaji aliyewahi kupitia Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo lilianza mwaka wa 1927 na limewalea waimbaji chungu nzima wa nchi hii, anajua jinsi mambo yanavyokwenda. Wimbo huchaguliwa mapema katika muhula wa kwanza. Mkufunzi hualikwa, naye hulipwa. Sauti hupangwa, ya juu, ya kati na ya chini. Wasichana huimba alfajiri kabla ya gwaride, huimba jioni baada ya michezo, hata wale wasiokuwa wanakwaya wakauhifadhi wimbo bila ya kutaka. Kisha, zikiwa zimesalia siku chache, mtu hukumbuka kuuliza: "Jamani, tutavaa nini?" Hapo ndipo mwalimu mmoja hutumwa Nairobi kukodi magunia mawili ya mapambo, akarudi nayo usiku yakinuka jasho la shule nyingine.

Ndivyo tulivyofanya mwaka wa 2022. Tulikuwa tumechagua wimbo wa wanawake wa Kimaasai wa upande wa Matapato, kule Kajiado, na wasichana walikuwa wameushika barabara. Walipomaliza, mwamuzi alituambia kwamba sauti ni nzuri na matamshi yanaridhisha. Kisha akavua miwani yake.

"Wimbo wenu umetoka Kajiado," akasema, "lakini shingo zenu zimetoka Maralal."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mimi nikacheka pia, kwa kuwa sikujua la kufanya na uso wangu. Alikuwa amesema kweli. Mapambo tuliyoyakodi yalikuwa ya mtindo wa Wasamburu: nyuzi nyingi za shanga zilizolundikana shingoni hadi zikakaribia kidevu. Mwanamke wa Kimaasai huvaa kidani bapa, kipana, mfano wa sahani iliyotobolewa katikati, na mara nyingi huvaa kadhaa kimoja juu ya kingine. Wamaasai na Wasamburu ni ndugu, lugha yao ni moja na mengi yao hufanana, lakini kwa mtu ajuaye, kosa letu lilikuwa sawa na kughani utenzi wa Lamu kwa lafudhi ya mtaani Nairobi. Isitoshe, hata miongoni mwa Wamaasai wenyewe shanga hazitungwi namna moja. Wamatapato, Wakisongo, Wakaputiei na Wapurko kila mmoja ana mpangilio wake wa rangi, na mpangilio huo hubadilika kadiri rika moja linavyolipisha jingine. Sisi tulikuwa tumekwenda dukani tukaomba "shanga za Kimaasai", kama mtu aombaye "chakula".

Lakini hilo si lililoniuma. Lililoniuma lilitokea ndani ya basi, tulipokuwa tukirudi. Msichana mmoja wa Kidato cha Pili, mtulivu, aliyekuwa akiimba sauti ya chini, alikuja akaketi kando yangu.

"Mwalimu, mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba si zetu. Nilijua tangu zilipotolewa kwenye gunia."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akageuza uso dirishani. "Hukuuliza, Mwalimu."

Baadaye nilikuja kufahamu kwamba msichana huyo alijua kutunga shanga kabla ya kujua kusoma, na kwamba sehemu ya karo yake ilitoka katika vidani na bangili alizouza nyanya yake. Mwaka huo ulikuwa wa ukame mkali. Kajiado ng'ombe walikuwa wakifa kwa maelfu, na katika boma nyingi shanga ndizo zilizokuwa zimebaki za kuuzwa. Haya yote alikuwa ameyaficha shuleni kwa kuogopa kutaniwa. Nami, mwalimu wake, nilikuwa nimesimama mbele yake miezi minne nikimfundisha wimbo wa kwao kutoka kwenye kinasa sauti.

Mwaka uliofuata, wakati wa likizo fupi ya katikati ya muhula, tulifunga safari ya kwenda kwa nyanya huyo, ng'ambo kidogo ya Bisil. Tulikuwa mimi, mwalimu mwenzangu wa kike na wasichana sita. Wasichana walipofika waliinamisha vichwa wakaguswa utosini, kama ilivyo desturi ya huko. Mimi nilikuwa na utepe wa kupimia na picha niliyoikata kwenye kalenda ya watalii. Nilidhani nitampa vipimo, tukubaliane bei, tunywe chai, tuondoke kabla ya jua kuchwa.

Kokoo, kama mjukuu wake alivyomwita nasi tukamwita vivyo hivyo, aliitazama ile picha, akaiweka chini na kuitilia kijiwe isipeperuke. Akasema kwa Kimaasai, mjukuu akatafsiri: "Waimbe kwanza."

Wakaimba. Alisikiliza akiwa ameinamia kazi yake, wala hakuinua macho. Walipokwisha, alivua kidani chake mwenyewe, akamvika kiongozi wa wimbo, yule ambaye Wamaasai humwita olaranyani, akasema: "Tena."

Hapo, msomaji, ndipo nilipoona kwa macho yangu jambo ambalo masikio yangu yalikuwa yamelikosa mwaka mzima. Mwanamke wa Kimaasai aimbapo, mwili husukumwa mbele, mabega hupanda na kushuka, na kidani huinuka kisha kikatua juu ya mifupa ya kifua. Kikitua hutoa mlio mdogo, mkavu. Wimbo wa asili wa Kimaasai hauna ngoma. Kuna pembe ya tandala katika sherehe fulani, lakini kwa kawaida ni koo za watu tu. Mlio ule wa shanga, pamoja na vipande vya bati na vikufu vinavyoning'inia masikioni na kwenye kingo za kidani, ndio unaoshika mapigo. Sasa, sisi tulikuwa tumeuharakisha wimbo ili uchangamke jukwaani. Kidani cha Kokoo hakikupata nafasi ya kutua. Kilitapatapa hewani, kikampiga msichana kidevuni, naye akakosea maneno.

"Mnaimba kama watu wanaofukuzwa," akasema Kokoo, mara hii kwa Kiswahili chake mwenyewe. Akagusa kidani. "Hiki kina mwendo wake. Mfuateni."

Wakaimba mara ya tatu, polepole, na kidani kikaanza kuinuka na kutua bila ya kusumbuka. Wale wengine watano wasiovaa kitu wakajikuta wanafuata. Nilikuwa na tabia ya kupiga mguu chini pembeni mwa kwaya ili wasipoteane. Siku hiyo mguu wangu ulikosa kazi.

Hatukupimana siku hiyo. Tulikwenda tena mara mbili, naye alikuja shuleni mara moja, akaketi nyuma ya ukumbi alasiri nzima. Naomba nieleze kwa kirefu kidogo yaliyotokea katika ziara hizo, maana hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Kokoo aliona kwamba wasichana wetu, ambao wengi wao hawakuwahi kuvaa kidani maishani mwao, walikuwa wakikaza shingo kwa uzito wa vile vidani vikubwa, na shingo iliyokazwa haitoi sauti. Akapunguza mizunguko ya shanga ukingoni. Zamani kidani kilitungwa juu ya ngozi; yeye alitumia waya na vipande vya mtungi wa plastiki, kama wafanyavyo wengi siku hizi, lakini akavikata vyembamba zaidi ili viiname pamoja na bega. Aliposikia kwamba vipande vya bati vya mstari wa pili vinaifunika sauti ya chini, aliving'oa nusu yake kwa meno mbele yetu. Nasi kwa upande wetu tulibadilisha mengi. Tuliwatenga wasichana hatua moja moja, kwa maana vidani vilikuwa vikigongana na kuharibu mlio. Tulimwondoa kiongozi pembeni tukamweka mahali ambapo wenzake wote wanakiona kidani chake. Tulirudisha mwendo. Palikuwa na mahali ambapo mkufunzi wetu alikuwa ameongeza sauti ya nne kwa madoido. Tukaiondoa, kwa sababu kila ilipoingia wasichana walisimamisha mabega ili waikumbuke, na shanga zikanyamaza.

Nauliza: hapo ni nani aliyetunga nini? Wimbo ulibadilika kwa sababu ya kidani, na kidani kikabadilika kwa sababu ya wimbo. Mimi siwezi kuchora mstari kati ya kazi yake na yangu, na sidhani kama yupo awezaye.

Baadhi ya wenzangu wameniambia kwamba haya ni mambo ya Wamaasai tu. Sivyo. Njuga zifungwazo miguuni mwa wachezaji wa ngoma, misewe ya pwani, gara za Wajaluo, njingiri za Wakikuyu, vyote hivyo ni mapambo na ni ala kwa wakati mmoja, na kila kimoja kina fundi aliyekaa akakipima kwa sikio. Fungua kamusi utazame utajiri wa maneno ya mapambo katika Kiswahili: kidani, mkufu, kikuku, mtali, furungu, keekee, timbi, jasi, kipuli, kishaufu. Baadhi ya vitu hivyo, mtali na furungu kwa mfano, huvaliwa miguuni, na bibi arusi aliyevivaa husikika kabla ya kuonekana. Sonara wa Lamu alikuwa anatengeneza sauti, ajue asijue. Leo mwanafunzi wa kidato cha nne hayajui maneno hayo ila mawili matatu, na akiyakuta katika shairi huyatafutia maana ya mafumbo, ilhali mwenye shairi alikuwa anasema bangili tu.

Kuna na kundi jingine, la watetezi wa asili, ambao watakwaruzwa na habari ya mtungi wa plastiki. Hao ningependa kuwakumbusha kwamba shanga zenyewe za vioo zilikuja kwa misafara. Zilitoka Venice na Bohemia, zikapita Unguja na Mombasa, zikabebwa vichwani hadi bara. Mwaka wa 1883 msafiri Mskoti Joseph Thomson, akiielekea nchi ya Wamaasai, alilazimika kutua Taveta kwa sababu shanga alizochukua zilikuwa hazijatungwa kwa kipimo walichokikubali wenye nchi. Wapagazi wake, waliotoka Unguja na pwani, wakaketi chini wakatunga. Yaani tajiri wa Kizungu na bidhaa zake alisimama akingoja kwa sababu kina mama wa Kimaasai walikuwa na kipimo chao. Shanga nzuri hadi leo huagizwa kutoka nchi ya Cheki, ambako mji wa Jablonec unajulikana kwa kazi hiyo, na zile za bei rahisi hutoka Asia. Asili haikai katika kioo wala katika ngozi. Inakaa katika kile kipimo, na katika mtu akijuaye.

Nitaje jambo moja la kando. Nilimsomea Kokoo karatasi moja ya watalii isemayo kwamba nyekundu ni damu, nyeupe ni maziwa, bluu ni mbingu na kijani ni majani. Alisikiliza kwa adabu. Halafu akasema kwamba ni vizuri, ila yeye anapochagua rangi huangalia kwanza ile iliyo jirani, kwa kuwa rangi mbili zisizotenganishwa vyema huonekana moja kwa mtu aliye mbali, na ngoma hutazamwa kwa mbali. Wanafunzi wa uchoraji watayaelewa maneno hayo kuliko mimi.

Sasa nifike kwenye fedha, jambo ambalo sisi watu wa sanaa hulizungukazunguka. Kokoo alitutungia vidani 18. Shanga alizikopa dukani, kwa kuwa mifugo yake ya kuuza ilikuwa imekwisha. Tulikubaliana alipwe nusu mwanzo na nusu mwisho. Nusu ya kwanza ilitoka. Nusu ya pili ilikwama ofisini kwetu, kwa sababu katika makadirio palikuwa na kifungu cha "kukodi mapambo" lakini hapakuwa na kifungu cha kumlipa mtu aliyeyabuni. Mkufunzi wa sauti alilipwa siku ileile aliyoleta hati yake. Kokoo alilipwa baada ya muhula kufungwa na mwingine kufunguliwa, nami nilikuwa nimeingia ofisi hiyo mara tano. Kila nilipoulizwa, "Huyu ni nani hasa katika kwaya yenu?" nilijikuta nikigugumia. Mjukuu wake alikuwa darasani mwangu muda wote huo. Hakuniuliza kitu. Mkono mtupu haulambwi, wasema wahenga, lakini mkono ule ulikuwa umeturamba sisi kwa miezi sita.

Katiba ya mwaka wa 2010, katika ibara ya 11, iliagiza Bunge litunge sheria ya kuhakikisha kwamba jamii zinafidiwa au kulipwa mrabaha kwa matumizi ya utamaduni wao, na mwaka wa 2016 ikapitishwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Ni jambo jema. Tunapenda kuzitaja sheria hizo pale kampuni ya ng'ambo inapochapa michoro ya Kimaasai kwenye viatu. Hatuzitaji tunapokuwa sisi wenyewe ndio wenye viatu.

Katika miaka ya mwanzo ya mfumo wa 8-4-4, Sanaa, Ufundi na Muziki yalikuwa yakitahiniwa pamoja katika shule za msingi. Tulilalamika sana wakati ule kwamba ni somo lililoshonwa kwa viraka. Sasa naona kwamba aliyelishona alikuwa na wazo, ila hakutufunulia. Mtaala wa sasa wa umilisi umetenga mkondo mzima wa sanaa na michezo katika sekondari pevu, nami nahofia tutaukata vipande vilevile: mwimbaji chumba hiki, mfinyanzi na mtunga shanga chumba kile, na ukuta wa matofali katikati. Walimu mnaosoma haya na mnaopanga bajeti za tamasha, tengeni kifungu. Mwandikeni mtunga mapambo katika orodha ya wakufunzi, mumlete ukumbini wimbo ungali mbichi, aruhusiwe kusema mwendo si huu.

Tuliimba mwaka wa 2023. Tulifika kiwango cha kanda, tukashika nafasi ya pili, safari yetu ikaishia hapo. Vidani 18 viliinuka na kutua pamoja, na ukumbi ule ule uliokuwa umecheka ulikaa kimya hadi mwisho. Katika karatasi yake mwamuzi, ambaye hakuwa yule wa kwanza, aliandika kwamba mwalimu ameudhibiti mwendo vizuri mno. Niliisoma karatasi hiyo nikaikunja, nikaitia mfukoni, sikuwasomea wasichana. Katika utangulizi wa wimbo, ambao niliuandika kwa mkono wangu mwenyewe, nilikuwa nimetaja jina la shule, la mkufunzi, la kiongozi wa wimbo na langu. La Kokoo halikuwamo. Sina la kujitetea, sikulikumbuka tu.

Mwaka huu tunarudi jukwaani na wimbo mwingine wa upande uleule. Vidani viwili vilivyokuwa vimelegea Kokoo amevitunga upya, na safari hii malipo yametangulia. Katika utangulizi nimeliandika jina lake, mstari wa pili, chini kidogo ya jina la wimbo, na mbele yake neno moja: watunzi, kwa wingi. Karani wetu alipoipiga chapa karatasi hiyo aliliondoa jina, akidhani nimechanganya orodha ya waimbaji na orodha ya madeni. Nimelirudisha kwa kalamu.